Mguu Ambao Diane Alikataa Kuukanda

Nyinyi mnaosomea kazi ya viungo, mnaopita hapa kwangu jioni mkitoka mafunzoni hospitalini na zile fulana zenu za bluu, mna swali moja ambalo huwa nalikwepa. "Mama Kine, kweli Diane anasomea udaktari wa kunyoosha watu?" Mnacheka. Halafu mmoja wenu, yule asiyecheka, hubaki nyuma kidogo na kuniuliza kwa sauti ya chini kama digrii yenu itatosha.

Leo nitajibu, ila mtanivumilia nikizunguka. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilizaliwa nao, nikafanya kazi nao, nikastaafu nao. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikikosa jambo la kuniogopesha ndani ya nyumba, natoka barabarani kulitafuta. Alikuwa akinitania, lakini hakuwa mbali na ukweli.

Kwa wasionijua, nilikuwa kine. Jina la kazi yenyewe ni refu kwa Kifaransa, wagonjwa hawakuwa na muda nalo, wakalikata. Kazi ni kumrudishia mtu mwili wake: aliyevunjika mguu aweze kuukanyagia tena, aliyepooza upande mmoja ashike kikombe, mtoto aliyechelewa kukaa akae. Niliianzia Goma nikiwa msichana, tuliporudi Rwanda nikaiendeleza hapa Gisenyi, mpaka magoti yangu yakawa yanalalamika kuliko ya wagonjwa. Hapo nikajua muda umefika wa kukaa.

Aliyenifundisha ni Papa Leonard, kine wa zamani wa Goma, mtu mfupi, mwenye viganja vipana, asiyependa kelele. Hakumuuliza mgonjwa anaumwa wapi kabla ya kumwona akitembea. Tena hakutaka kumwona akija. Alitaka kumwona akienda.

"Mutume mpaka ku mulango," aliniambia siku yangu ya kwanza, "we baki nyuma yake. Mutu akikuja kwako anapanga sura, anajikaza juu anakuona. Akikupa mugongo, anasahau. Donc, angalia mabega. Mabega haijue kudanganya."

Nilidhani ni maneno ya mzee tu. Wiki hiyohiyo akaja mzee mmoja, askari mstaafu, anasema goti limepona, anataka kurudi shambani. Alikuja kwetu anatembea vizuri kabisa, anatabasamu. Papa Leonard akamtuma mlangoni achukue kofia yake. Tukaona bega la kulia linashuka kila akikanyaga, mtu anajiegemeza kwenye hewa. Goti halikuwa limepona hata kidogo. Alikuwa na haraka tu ya kupanda maharage.

Kwa kuwa kijana hawezi kuachiwa kitu kizuri bila kukiongezea chake, mimi nikaongeza viatu. Mgonjwa akivua viatu mlangoni, navigeuza, naangalia soli imelika wapi. Soli iliyolika upande mmoja inakuambia mtu anaelemea wapi. Ni kweli, mnaweza kuijaribu. Nikawa hodari, nikaanza kuringa nayo mbele ya wanafunzi. Siku moja akaja mama kutoka Cyanzarwe anaumwa mgongo. Nikageuza viatu vyake, kumbe soli ya kushoto imeisha kabisa kwa nje. Nikahutubu. Nilimweleza nyonga yake, namna anavyobeba mtoto, namna anavyosimama akilima, mpaka na upande anaolalia. Wanafunzi wanaandika. Yule mama akaniacha nimalize, kwa adabu kabisa, mikono ameiweka mapajani.

"Ni kweli, Mama," akasema. "Lakini ile viatu ni ya shemeji yangu. Mi niliazima juu ya kuja mu ville."

Wanafunzi hawakucheka mbele yangu. Walisubiri kutoka nje, nikawasikia hadi dirishani. Watu wengi wa mashambani huazima viatu vya kwenda mjini, na mimi nilijua hilo tangu utotoni, mama yangu mwenyewe aliazimisha vyake mpaka vikachanika. Kwa hiyo viatu viangalieni, lakini muulize kwanza ni vya nani.

Sasa nije kwenye kitu kilichokuwa kinanipa usingizi miaka yote hiyo, na ambacho nyinyi hamtakipata. Wakati wetu daktari ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona mgonjwa. Mimi nililetewa karatasi imeandikwa goti la kulia, joto na mazoezi. Nami nikatia joto na kufanyisha mazoezi goti la kulia. Papa Leonard aliiita hiyo karatasi mwavuli. "Mvua ikinyesha," alikuwa akisema, "inanyeshea dokta, we uko kavu." Na mimi mwenye wasiwasi nilikaa chini ya mwavuli huo nikashukuru Mungu. Nikiona jambo halijakaa sawa nilirudi kumwuliza daktari, naye akaamua. Mzigo wa kuamua haukuwa wangu.

Siku hizi mtu anashuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, moja kwa moja hadi mlangoni kwa kine. Hajamwona daktari, hana karatasi, ana maumivu na ana haraka. Anakuambia ni mgongo. Labda ni mgongo. Labda ni figo, au kitu kingine kibaya kinachojificha mgongoni, na wewe ndiye mtu wa kwanza kumwekea mkono. Nikiwaza hilo hata sasa, nimestaafu, viganja vyangu vinalowa.

Diane ni binti wa kaka yangu Vincent, anayelima viazi Kanzenze. Alimaliza digrii yake ya fiziotherapia Kigali, akaletwa kufanya mafunzo ya vitendo hospitali ya hapa, akaja kukaa kwangu. Wanangu wameolewa mbali. Nyumba ilikuwa imenyamaza muda mrefu. Diane akaijaza na viatu vyake, redio yake, na tabia yake ya kuimba akifua. Nilianza kulala vizuri.

Halafu ndani ya wiki moja yakamjia mambo mawili. Hospitali ikamwambia nafasi ya kazi ipo, aanze. Na shule moja ya Marekani, ambayo alikuwa ameiomba bila hata kuniambia, ikamjibu kwamba amekubaliwa na masomo yake yatalipiwa. Alitakiwa kujibu kabla ya Jumamosi. Vincent akashuka kutoka Kanzenze siku ya Jumapili baada ya misa, tukakaa sebuleni kwangu. Mama Zawadi, jirani yangu aliyerudi kutoka Tanzania, naye akaja, kwa sababu kwangu hakuna mkutano unaofanyika bila yeye. Mimi nilikuwa nimefika jana yake kutoka harusini Kampala, nimechoka, miguu mizito.

"Donc," Vincent akaanza, "unaenda kuandika ile kitabu kubwa, thèse?"

"Hapana, Papa," Diane akasema. "Iko udaktari wa kuandika na kuchunguza, ile ni ingine. Hii ni ya kuingia ku kazi."

Akatueleza, na ninawaeleza nanyi maana najua mnachanganya. Kule huwezi kuingia kwenye kazi hii kwa digrii ya kwanza, hata uwe hodari vipi. Unamaliza digrii kwanza, ya kitu chochote mradi umesoma sayansi wanazozitaka, ndipo unaingia miaka mitatu mingine, darasani na kwa wagonjwa, unatoka unaitwa daktari wa fiziotherapia, halafu unafanya mtihani wa leseni. Zipo shule zinazochukua mtoto aliyetoka sekondari na kuunganisha yote bila kumtoa. Na aliyekwisha kusomea kazi hii nchi nyingine anaweza kupeleka vyeti vyake vikapimwa, akaambiwa ajaze mapengo gani. Diane hakutaka kujaza mapengo. Alitaka kuingia na wanaoanza.

"Juu ya nini uanze tena?" baba yake akamuuliza. "Ile kazi si unaijua?"

"Mikono najua, Papa. Lakini pale banafundisha kuwa mutu wa kwanza kuona mugonjwa. Kujua huyu ni wangu, huyu si wangu. Mi hapo ninaogopa."

Mama Zawadi alikuwa anasikiliza na sahani ya karanga mapajani. "Ngoja kwanza nielewe," akasema. "Ataitwa daktari, lakini hachomi sindano, hapasui mtu, haandiki dawa. Jamani, sasa huo udaktari gani?"

"Ni wa viungo, Mama."

"Basi mimi nami ni daktari wa maji ya chumvi."

Tukacheka wote, maana ni kweli. Mtaani kwetu, mtu akiteguka au akiamka na kiuno kimekakamaa, anaitwa Mama Zawadi na karai lake. Anakanda kwa maji ya moto na chumvi, anamalizia na samli. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimwita, na sikuona aibu. Viungo vilivyochoka vinapenda joto, haijalishi aliyekuja nalo ana cheti au hana.

Kicheko kilipoisha, Vincent akanigeukia. Nilijua atanigeukia. Kwetu jambo kubwa la msichana, iwe ndoa iwe safari, halifungwi mpaka shangazi yake wa kwa baba aseme. Kwa Kinyarwanda tunamwita masenge. Baba anaweza kupiga meza mpaka ivunjike, lakini masenge akisema hapana, mambo yanarudi mwanzo.

"We ndio masenge yake," Vincent akasema. "Kazi ni yako, mutoto ni wako. Sema."

Nikasema nipeni mpaka Ijumaa.

Walidhani nataka kutafakari kama mtaalamu. Ukweli ni kwamba sikuwa na la kutafakari. Niliogopa. Nilimwona Diane mbele ya mgonjwa asiyemjua, katika nchi asiyoijua, bila mwavuli, na nikamwogopea. Halafu, chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine niliyoificha hata mwenyewe: nani ataimba akifua? Nani atasikia nikianguka bafuni? Nilitaka kusema abaki, na nilikuwa natafuta sababu nzuri ya kulivisha neno hilo.

Jumanne asubuhi niliamka na maumivu kwenye shavu la mguu wa kushoto. Umekaza, una joto, umevimba kidogo. Nikajiambia ni Kampala. Kutoka kule nilikaa muda mrefu kwenye basi, mizigo ya watu miguuni, nimejikunja, sikuweza hata kujinyoosha. Nikamwita Diane alete mafuta anikande.

Hapa mnisikilize vizuri. Niliujua ugonjwa wa damu kuganda mguuni. Niliwafundisha kaka na dada zenu kwa mdomo huuhuu: mguu mmoja umevimba, una joto, na mtu ametoka safari ndefu au kitandani hospitalini, usikande, maana donge linaweza kung'oka likapanda mapafuni, na mtu akafa mbele yako. Nililisema hilo mpaka likanichosha. Lakini asubuhi ile haikunipitia akilini hata mara moja. Mguu wa mgonjwa ni somo. Mguu wangu ulikuwa ni mguu tu, uliochoka na safari.

Diane akaja na chupa ya mafuta. Akaiweka chini. Akapiga magoti, akaitazama miguu yangu yote miwili kwa pamoja. Akagusa mmoja kwa mgongo wa kiganja, akagusa mwingine. Akaenda kwenye kikapu changu cha kushonea, akatoa utepe, akazungusha kwenye shavu la kulia, kisha la kushoto.

"Tantine, unapumua muzuri? Kifua hakiumi?"

"Kifua kiko sawa, sha. Kanda."

"Mi sikandi."

"Unasema?"

"Sikandi hii muguu. Twende hospitali."

Nikakasirika. Sijui kama mnaweza kuelewa, nyinyi ambao hamjazeeka kwenye kazi: mtoto niliyemwonyesha mwenyewe namna ya kuweka kidole gumba, anakataa kunigusa. Nikamwambia niliifanya kazi hii baba yake hajaoa. Nikamwambia mengi. Yeye ananitazama tu, machozi yamejaa, na utepe mkononi. Basi nikapaza sauti dirishani nikamwita Mama Zawadi.

Mama Zawadi hakukawia. Alikuja na karai linatoa mvuke, taulo begani, chumvi ndani ya mfuko. "Pole dada yangu," akasema, na akamwambia Diane kwa upole, "Sogea mwanangu. Wewe ni msomi, haya ya maji ya moto niachie mimi."

Diane hakusogea. Alisimama kati ya kiti changu na karai, akanipa mgongo.

"Mama, nakuomba. Ukikanda ile muguu unaweza kumuua."

Msichana wa kwetu hamwambii mama wa watu neno kama hilo, tena ndani ya nyumba ya shangazi yake. Mama Zawadi alimshika kifundo cha mkono, si kwa ubaya, akamsogeza pembeni kama unavyosogeza mtoto aliyekaa njiani. Diane akarudi palepale.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimgombeze. Ndipo nikayaona mabega yake. Yalikuwa yamepanda hadi masikioni, magumu, yanatikisika. Huyu mtoto hakuwa anaringa na masomo. Alikuwa anaogopa sana, na hofu yenyewe ilikuwa ni ya mguu wangu. Na wakati huohuo, yote niliyowahi kuwafundisha watu kuhusu mguu wenye joto yakanirudia kwa pamoja.

"Acha, Mama Zawadi," nikasema. "Diane, tafuta voiture."

Hospitalini wakanipitisha kwenye mashine ya kuangalia mishipa. Daktari kijana, mpole, akanionyesha kwenye kioo mahali damu ilipogoma kupita. Donge lilikuwepo, refu, ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Wakaanza kunichoma dawa ya kuizuia damu isiendelee kuganda. Akaniuliza kama kuna aliyeukanda. Nikamwambia hapana. Akasema afadhali, akaandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi nikabaki naangalia dari. Mama Zawadi alikuwa amekaa kwenye benchi nje, taulo bado begani, anasali rozari kwa sauti mpaka muuguzi akaja kumwomba apunguze.

Wakaniruhusu kurudi nyumbani Alhamisi, na vidonge na masharti. Ijumaa watu walewale wakakaa sebuleni kwangu. Mguu wangu ulikuwa juu ya kigoda, umefunikwa kitenge, na kila mtu aliuangalia kana kwamba nao ulialikwa. Kabla sijasema lolote, Diane akasimama.

"Papa, Tantine, mi nishaamua. Nabaki. Nitakamata ile kazi ya hospitali. Siwezi kumuacha Tantine hivi."

Vincent akashusha pumzi. Uso wake ulifunguka. Na mimi, wanangu, nilifurahi. Sitawadanganya. Nilipata nilichokitaka bila hata kukiomba, na hakuna mtu ambaye angenilaumu. Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu, tukanywa chai, yakaisha.

Lakini kuna swali lilikuwa limenikaa tangu Jumanne, na niliogopa kuliuliza.

"Diane," nikasema, "asubuhi ile. Ulikuwa na hakika?"

Akatazama chini, akakataa kwa kichwa. "Oya, Tantine."

"Hata kidogo?"

"Nilikuwa na mashaka tu. Niliona muguu moja ni kubwa, iko na joto. Nikajiuliza, kama ni bure? Kama namutukana masenge yangu juu ya kitu ya bure?" Akaanza kulia. "Mama Zawadi angenisukuma mara ingine, ningeachilia. Kweli kabisa, Tantine. Nilikuwa karibu kuachilia."

Mama Zawadi akajifunika uso na kanga.

Uhai wangu ulikuwa umening'inia kwenye msukumo mmoja ambao jirani yangu, kwa upendo wake, hakuutoa. Nikawaza wagonjwa wote watakaoshuka kwenye moto na kumkuta Diane mlangoni, wenye wake zao, mama zao na majirani zao wanaosukuma kweli. Nikaona nikimbakiza, nambakiza akiwa karibu kuachilia. Iliniuma, mnielewe. Nilijua nyumba itanyamaza tena. Nilijua nitahesabu pumzi zangu kila asubuhi. Nikasema hivyohivyo:

"Mimi masenge yako ninasema uende."

"Tantine, nani ataangalia muguu?"

Nikachukua utepe wa kushonea, uliokuwa bado mezani, nikamnyooshea Mama Zawadi. Alishtuka, akatazama kushoto na kulia. "Mimi?" akasema. "Mimi niliyetaka kukuua?" Diane akafuta machozi, akaenda kupiga magoti pembeni yake, akamwonyesha mahali pa kuzungusha utepe, vidole vingapi chini ya goti, mguu wa kulia kwanza, wa kushoto baadaye. Mama Zawadi akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Alikuwa na uso wa mtu anayebeba ekaristi.

Kwa hiyo wewe uliyebaki nyuma ukaniuliza kwa sauti ya chini, digrii yako inatosha. Kwa kazi ya hapa inatosha, na wagonjwa wanakungoja, usimruhusu mtu akudharau nayo. Diane siku ile hakuwa na zaidi ya hiyo digrii, na mimi niko hai. Lakini ukiona njia ile ndefu, usiende kwa sababu ya kuitwa daktari. Mtaani watakuuliza sindano iko wapi, na utachoka kueleza. Nenda kama unajijua uko karibu kuachilia na hutaki tena kuwa hivyo. Na anayekuahidi kwamba huko ukimaliza hutaogopa tena, muulize amefanya kazi hii wapi. Diane ameshaanza kukutana na wagonjwa. Ananiambia hofu haijaondoka, ila sasa anajua aiulize nini.

Mguu wangu ulipona polepole. Mama Zawadi bado anapima kila asubuhi ingawa daktari alisema inatosha, na hataki nicheke wakati anapima. Wateja wake wa karai nao wanapimwa siku hizi, wapende wasipende, na kuna mzee mmoja ambaye miguu yake haikulingana, akakataa kumkanda, akampeleka hospitali kwa nguvu. Alikutwa hana kitu. Mama Zawadi hakuomba radhi.

Jumapili Diane hupiga simu yenye picha. Naegemeza simu kwenye birika la chai mezani. Ananiambia nipandishe kitenge, aone miguu yote miwili. Halafu ananiambia nitembee. Si kuja, kwenda. Hayo aliyapata kwangu, nami niliyapata kwa Papa Leonard. Basi naipa simu mgongo, naenda taratibu hadi mlangoni. Jumapili iliyopita, nikiwa njiani kwenda mlangoni, nikaona ndoo yake ya kufulia bado iko palepale nje alipoiacha. Nilikuwa nimeipa simu mgongo, haoni uso wangu, nikajiambia hapa naweza kulia kidogo.

"Tantine," akasema kutoka mezani. "Mabega yako."

Nikamwambia ni baridi ya ziwa. Akavuta pumzi kule aliko, akasema, "Bon. Rudia tena, Tantine. Polepole. Mi niko naangalia."